Waraka kwa Waumini Wote Kabla ya Sikukuu ya Mavuno



Nawaandikia kwa upendo, ingawa moyo wangu una huzuni. Najua ninyi si wachoyo. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu tunapoabudu ni jasho lenu. Linalonihuzunisha ni kwamba tumeanza kumpima mtu kwa alichonacho, na kukiita baraka kabla hatujauliza kimetoka wapi. Zisikilizeni shuhuda zetu za Jumapili: gari, kiwanja, cheo, viza ya Marekani. Si vibaya kumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alisimama mbele yetu akashuhudia kwamba alikataa rushwa, akapoteza kazi, na Bwana hakumwacha?

Mtu huyo yupo, wapendwa. Ndugu yetu mmoja alisimamishwa kazi kwa kukataa kutia sahihi hati ya uongo ya shamba. Nilipowatembelea, mkewe aliniambia kwamba wageni wamepungua pale nyumbani, na kwamba baadhi yetu walimshauri mumewe aende akaombewe afunguliwe, kana kwamba uaminifu wake ni laana. Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Na wakati huohuo, mtu ambaye mtaa mzima unajua jinsi alivyowanyang'anya mayatima ardhi yao anatengewa kiti cha mbele, kwa kuwa bahasha yake ni nene. Yakobo aliwakemea waumini wa kwanza kwa jambo hilihili, la kumpa heshima mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kando. Tunalisoma neno hilo, tunaitikia amina, kisha tunatoka na kulitenda.

Kumbukeni, ndugu zangu, imani ilivyofika pwani yetu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walianza kazi Rabai. Malimbuko ya kazi hiyo alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Rebmann alikaa huku hadi mwaka 1875, waumini wakiwa wachache mno, na aliporudi Ujerumani macho yake yalikuwa yamepofuka. Hata alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya walimbeza. Kwa vipimo tunavyovitumia leo, huyo ni mtumishi aliyeshindwa, na Mringe hangeitwa mbele kutoa ushuhuda. Lakini sisi tunaojaza makanisa kutoka Rabai hadi Taveta tumetokana na kazi hiyo. Nawasihi mlitafakari hilo taratibu, hasa ninyi vijana, ambao mmeambiwa tangu utotoni kwamba mtoto wa Mungu hapungukiwi na kitu, na sasa mnaona haya kuja ibadani mkiwa hamna kazi. Msione haya. Hamkubatizwa kwa jina la mishahara yenu.

Kwa wenye mali nasema hivi: sina neno na mali iliyotokana na kazi halali, na Kanisa linawahitaji. Ila aliyedhulumu asidhani kwamba sadaka itamtakasa. Na amrudishie kwanza mwenye haki, kama Zakayo alivyoazimia, kisha aje madhabahuni nasi tutampokea kwa furaha.

Basi, kuanzia Mavuno haya, majina ya watoaji na viwango vyao hayatasomwa kanisani. Viti vya mbele vitakaliwa na wazee wasiosikia vizuri na akina mama wenye watoto wagonjwa. Nawaomba wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama mwende kwa yule ndugu yetu wiki hii, mkibeba unga na sukari, mkae naye, na mmwulize kama atakuwa tayari kutushuhudia Jumapili.

Ndimi mtumishi wenu katika Kristo.