Mtoto Asiyejua Majuto

Katika kila zama watu wamejihadithia habari za maisha yasiyo na maumivu, yasiyo na majuto, yasiyojua uovu hata kwa jina. Na kwa kuwa dunia imewaelemea wengi, sina moyo wa kumlaumu anayeyatamani. Lakini tamaa hiyo imefunga pamoja mambo mawili yanayostahili kutenganishwa, yaani maumivu na majuto, na kisa kinachonisaidia kuyatenganisha ni cha Hayy ibn Yaqzan, alichokitunga Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu wa sultani, aliyefariki Marrakesh mwaka 1185.

Hayy alikulia katika kisiwa kisicho na watu, akanyonyeshwa na paa, bila ya mwalimu, wala hakimu, wala hasimu. Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi, paa yule alizeeka akafa. Na mtoto, baada ya kumwita asiitikiwe, na kumchungua macho na masikio asione kilichoharibika, alimpasua kifua kwa mawe makali na vipande vya matete ili amwondolee kizuizi, akaufikia moyo, akakuta upande mmoja umejaa damu iliyoganda na wa pili ni mtupu, akafahamu kwamba aliyempenda amekwisha kuhama. Elimu yake ya baadaye, ya viumbe, ya nyota na ya Mola, ilichipuka katika msiba huo.

Mwili ulipoanza kuoza, aliona kunguru wawili wakipigana hata mmoja akamwua mwenziwe, kisha muuaji akafukua ardhi akamzika. Hayy akanena moyoni kwamba kunguru huyo ametenda vyema kuzika ijapokuwa alitenda vibaya kuua, na kwamba yeye ndiye aliyestahili kutangulia kumfanyia mama yake hisani hiyo. Kwa wazo moja alipambanua wema na uovu, akajilaumu; na hapana mtu aliyemfundisha. Lau angalinyimwa majuto hayo, paa angalioza juani, na mtoto angalikwenda zake kuchuma matunda.

Sisemi kwamba taabu ni neema. Wanaowahimiza wagonjwa na mafakiri washukuru madhila yao huwadhulumu mara ya pili. Ukoma ulikuwa balaa la karne nyingi. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri mchanganyiko wa dawa unaouponya, na sijui utu gani uliopungua kwa aliyepona. Maumivu ya namna hiyo na yaondoke yote, leo kabla ya kesho.

Majuto ni jambo jingine. Asiyejuta huishi kwa raha, na gharama ya raha yake hulipwa na walio chini ya mkono wake: mke, mtumishi, mpangaji, raia. Kwa hiyo nawaogopea watoto wetu wanaofichwa kila msiba, wanaoambiwa kwamba bibi amesafiri, na ambao, wakimwumiza mwenzao, hupewa peremende ili wasilie wao. Ningependa mtoto apelekwe matangani, ajibiwe kweli anapouliza aliyekufa yuko wapi, na siku anapomdhulumu mwenziwe aachwe kwanza aone haya, amtake radhi yeye mwenyewe, kisha ndipo mama yake ambembeleze.