Makanisa Meru na Embu yawafuate maskini mitaani

MNAMO Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu la Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru zirejeshwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa moja la Kikatoliki mtaani Soweto, Nairobi.

Wengi waliishangilia hatua hiyo. Hata hivyo, iliacha swali ambalo bado halijajibiwa ipasavyo: kanisa likishakataa pesa za wanasiasa, lina nini la kumpa maskini wa mjini?

Swali hilo lina uzito wa kipekee katika kaunti za Meru na Embu, ambako Ukristo na huduma kwa wanyonge viliingia kwa mlango mmoja.

Waanglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka wa 1911, nao Wamethodisti wakafuata 1912. Wapresibiteri walianza kazi mwaka wa 1922 huko Chogoria, wakati huo ikiwa sehemu ya Meru na sasa ikiwa Tharaka-Nithi. Hospitali za Chogoria, Maua na Nkubu ni matunda ya kazi hiyo.

Waasisi hao walijenga vijijini kwa sababu huko ndiko watu walikokuwa. Leo ramani ya umaskini imebadilika. Mashamba yamegawanywa vizazi kwa vizazi hadi yakawa vishamba, na vijana wasio na urithi wamehamia mijini kutafuta vibarua.

Biashara nayo imetikisika. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2014, kisha Somalia ikafunga soko lake kati ya 2020 na 2022. Hasara haikuishia kwa mwenye shamba. Iliwafikia wachumaji, wafungaji na wapakiaji, watu wanaolipia chumba kwa kipato cha siku.

Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Makanisa yaliomboleza na kuzika. Lakini mkasa wa namna hiyo hauanzi siku ya mazishi. Huanza pale mtu anapokosa kazi, akakosa matumaini, na pasiwe na jirani wa kumbishia hodi.

Ni kweli kwamba makanisa mengi hutoa misaada. Wapo wanaogawa unga na nguo Krismasi inapokaribia, na wapo wanaolipia mayatima karo. Hilo ni jema, ila msaada unaoletwa na gari na kuondoka na gari haumjui anayeupokea. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Padri Alex Zanotelli kutoka Italia alilielewa jambo hilo. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, hadi mwaka wa 2002, aliishi Korogocho, Nairobi, katika kibanda kama vya waumini wake.

Watakaopinga watasema kwamba makasisi ni wachache na si kila mmoja anaweza kuhamia mtaa wa mabanda. Hoja hiyo ina mashiko, lakini inasahau kwamba kanisa tayari linaishi huko. Mama mboga, bawabu na msukuma mkokoteni ni waumini waliobatizwa. Tatizo ni kwamba wakifika ibadani huketi nyuma, na huulizwa michango kabla ya kuulizwa hali.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliliona hili zamani. Katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka wa 1976, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, yaani familia jirani zinazokutana nyumbani kwao kusali na kubebeana mizigo. Pale jumuiya hizo zilipogeuzwa kuwa vituo vya kukusanyia pesa za ujenzi, lengo hilo lilipotea.

Kazi haikosekani. Chukua mfano wa bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024. Mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi, na kwa kawaida asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600. Kwa kibarua, kiasi hicho ni mlima. Kwa familia 12 zinazoweka akiba pamoja na kulipiana kwa zamu, mlima huo hupandika.

Jumuiya iliyo mtaani pia ndiyo itakayojua ni mtoto yupi ameacha shule, ni mjane yupi amefungiwa nyumba na ni kijana yupi ameanza kulewa asubuhi.

Viongozi wa makanisa Meru na Embu hawahitaji harambee nyingine ili kuanza. Wanahitaji kuelekeza sehemu ya fedha za majengo kwa jumuiya hizo, na kuwapa wakazi wa mabanda viti katika mabaraza yanayoamua matumizi.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, hukumu inategemea aliyelishwa, aliyevishwa na aliyetembelewa. Ukubwa wa kanisa hautajwi popote.