Elimu Isiyoliwa

Mwezi wa Aprili uliopita, wakati mashamba ya Trans Nzoia yamekwisha kutifuliwa na watu wanaitazamia mvua kama mdeni atazamiavyo msamaha, nilipanda matatu Kitale niende Bungoma, na ubavuni mwangu akaketi mzee mmoja mkulima ambaye, kabla hatujafika Kiminini, alikuwa amekwisha kunisabahi, kuniuliza ukoo wa mama yangu na kutaka kujua shughuli inayoniweka mjini. Nilimwambia kwamba nalifundisha historia kwa miaka mingi, na kwamba sasa, baada ya kustaafu, nakusanya maneno ya kumuse, yaani ile khutuba ndefu ambayo msemaji aliyerithi kazi hiyo huitoa mbele ya Wabukusu siku ya tatu baada ya maziko ya mzee, akizitaja koo, vita, njaa na nyendo za waliotangulia. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, usinikasirikie. Pesa ya serikali ni ya mbegu na dawa. Maneno ya wazee ni matamu, lakini hayaliwi.”

Sikumjibu papo hapo, kwa heshima ya umri wake, na pia kwa kuwa neno lile halikuwa lake peke yake. Nimelisikia kwa waheshimiwa wanaopitisha bajeti, nimelisikia kwa wazazi wanaowachagulia watoto mikondo ya masomo, na nimelisikia, kwa huzuni kubwa zaidi, vinywani mwa wahadhiri walioingiwa na haya kwa ajili ya elimu yao wenyewe. Limeenea hata likawa kama kauli isiyohitaji ushahidi: kwamba utafiti wa udongo, wadudu na maradhi ni haki ya hazina ya umma, ilhali utafiti wa historia, lugha, sheria, mila na maisha ya watu ni anasa, aitakaye na ajilipie, au amngoje mfadhili wa ng’ambo. Dhana hiyo ni batili, na ubatili wake unaonekana bayana hapa hapa Kitale na Bungoma kuliko pengine popote katika Kenya.

Kwanza nitoe heshima inayostahiki. Mwaka 1955 ndipo kazi ya kuzalisha mahindi bora ilipoanza Kitale chini ya Michael Harrison; mwaka uliofuata ikaundwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya; na mwaka 1964 ikatoka H611, mbegu chotara iliyozaliwa kwa kuoanishwa mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, ambayo ilibadili vyungu na mifuko ya jamaa nyingi tangu Cherangani hadi Malaba. Mtu aliyelipiwa karo kwa magunia ya mahindi hayo hawezi kuidharau sayansi, na mimi ni mmoja wa waliolipiwa hivyo. Lakini mbegu, hata iwe bora namna gani, haitoki kituoni kwa miguu yake. Yuko mume na yuko mke, wa kushauriana kama watauza kuku wainunue. Yuko jirani wa kutazamwa msimu mmoja kabla ya kufuatwa. Liko duka la karibu au la mbali. Na iko mvua ambayo mkulima anaijua kwa ngozi yake kuliko afisa aijuavyo kwa daftari lake. Mambo hayo hayatazamwi kwa darubini, huulizwa, tena huulizwa na mtu aliyefunzwa kuuliza. Aliyeyauliza kwa utaratibu katika Kenya ya magharibi alikuwa mtafiti wa Kimarekani, John Gerhart, naye akaonyesha kwamba hali ya nchi, mvua yake na mwinuko wake, ilikuwa na neno kubwa katika kuwatenga waliokubali upesi na waliokawia, wala si ukaidi ambao wakulima walikuwa wakisingiziwa. Kitabu chake kilichapishwa Mexico mwaka 1975. Shamba ni letu, wakulima ni baba zetu na mama zetu, mbegu ni ya Kitale, na maelezo ya jinsi tulivyoipokea yakatufikia kutoka Mexico. Gerhart alitufanyia hisani, nami sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa nchi iliyoridhika swali hilo lisiulizwe na mwana wake kwa fedha yake.

Wala haikuwa hivi daima. Waliotutawala hawakutupenda, lakini walijua thamani ya kutujua. Mwaka 1930 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilishirikiana katika Kamati ya Lugha, ambayo kazi yake ya kamusi, iliyotoka mwaka 1939, bado inafunguliwa na kila mtu anayeandika Kiswahili kwa uangalifu. Mwaka 1944 Waingereza wakaunda baraza la utafiti wa sayansi za jamii katika makoloni yao, na mwaka 1950 Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Makerere chini ya Audrey Richards. Hata kabla ya hapo, kati ya mwaka 1934 na 1938, Mjerumani Günter Wagner alikaa miongoni mwa Wabukusu na Walogoli kwa fedha ya Rockefeller, akaandika ndoa zetu, mazishi yetu na hofu zetu. Fedha hizo zilitolewa ili tutawaliwe vizuri zaidi, na hilo silifichi. Muradi wangu ni kwamba anayelipia swali ndiye anayelichagua swali, na kwa muda mrefu swali halikuwa letu.

Mtazame Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Serikali ya wakati ule ilipomwona anawakataza watu kuwatumikia wageni na kuwataka warejee katika ibada ya wahenga wao, swali lililoijia kichwani lilikuwa kama ana akili timamu, ikamtia katika hospitali ya Mathari. Na dini yake ilipozidi kuenea, askari wakaufyatulia risasi umati wa waumini Malakisi tarehe 10 Februari 1948, na Masinde akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, mbali na Mlima Elgon wake. Lau angekuwapo mtafiti wa huku huku, mwenye kuijua lugha ya watu wale na mwenye kulipwa na watu wale, angeuliza swali jingine: ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ya nani, na kwa nini maneno ya mtu mmoja yanawagusa maelfu namna hii? Ilipofika mwaka 1977 ndipo Audrey Wipper alipotoa kitabu chake kuhusu uasi wa mashambani, Msambwa ikiwamo. Naye pia ni mtu wa ng’ambo.

Itasemwa kwamba siku hizo zimepita, kwamba tuna sheria yetu. Kweli tunayo, na ni sheria njema. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuamuru ipewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Pato hilo lilipita shilingi trilioni 15 mwaka 2023. Asilimia 2 yake ni zaidi ya bilioni 300. Fedha za kiasi hicho hazijapata kuingia katika hazina hiyo hata mwaka mmoja. Na kile kidogo kinachoingia hugombewa chini ya dhana ile ile ya mzee wa matatu, kwani sheria haikuweka fungu maalumu la elimu za binadamu. Na pale ambapo fungu halikutajwa, asemaye kwa sauti ya mbegu na dawa humshinda asemaye kwa sauti ya historia. Afrika Kusini, mwaka huo huo wa 2013, iliunda taasisi ya umma ya elimu za binadamu na sayansi za jamii, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwalipia wanafunzi wa uzamifu katika elimu hizo. Ni nchi mbili za bara moja, na mwaka ni mmoja. Sisi tulikwenda upande mwingine: tulipoipanga shule ya upili ya juu, tukakadiria kwamba wanafunzi 60 katika kila 100 watafuata mkondo wa sayansi na hisabati, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Sina ugomvi na 60. Ila mtoto wa Kimilili anayeingia katika wale 25 ameanza kusikia, kabla hajafungua kitabu, kwamba amekwenda mahali pa waliobaki.

Mzee yule alishuka Kamukuywa. Alipokuwa akiteremsha mfuko wake wa mbolea alinigeukia akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama najua pahali palipoandikwa majina ya maskwota waliokuwa wakiishi katika mashamba ya Wazungu Trans Nzoia kabla ya uhuru, kwani baba yake alikuwa mmoja wao na kuna shauri la ardhi lisilokwisha. Nilimwelekeza kadiri nilivyoweza. Sikupata muda wa kumwambia kwamba karatasi hizo, kuzikusanya, kuzisoma na kuzilinganisha na kumbukumbu za walio hai, ndiyo hiyo kazi aliyoiita tamu isiyoliwa.

Na ardhi ndiyo inayonifanya nisikubali kunyamaza. Juu ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma, pana pahali paitwapo Chepkitale, palipokaliwa na watu wa kufuga na kurina asali. Mwaka 1968 pakatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha makazi ya Chebyuk ili watu hao wa juu, Wamosop, wapate mashamba chini ya msitu. Lakini Wasoy, Wasabaot wenzao wa mabondeni, nao wakaja, wengine kwa kununua, wengine kwa undugu, wengine kwa nguvu ya wakubwa. Orodha zikaandikwa, zikabatilishwa, zikaandikwa tena. Awamu ya kwanza ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu. Na kila aliyeketi mezani kugawa alijua hesabu ya ekari, lakini hakujua, au hakutaka kujua, nani alikuwa mzawa wa nani, nani alipewa ruhusa ya kulima na nani, wala neno “mwenyeji” lina maana gani katika lugha ya wagawiwao. Mgawo wa awamu ya tatu ulipofanywa mwaka 2006, bunduki zilikuwa zimekwisha kushikwa. Kikosi kilichojiita cha kuilinda ardhi ya Wasabaot kilichinja, kilikata masikio na kilitoza watu kodi; shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 2008 kwamba waliouawa nacho walipita 600. Mwezi Machi wa mwaka huo jeshi likapanda mlimani katika Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wa Kapsokwony na Cheptais wakakusanywa kwa mamia, wengi wakapigwa, wengine hawakurejea.

Sidai kwamba kitabu kingeizuia risasi. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo ni zito zaidi: kwamba kwa miaka 35, tangu 1971 hadi 2006, taifa liligawa ardhi ya watu ambao halikupata kujishughulisha kuwajua, kwamba wanahistoria, wanasheria wa mila, wanaisimu na wanaanthropolojia wachache waliolipwa vizuri, waliopewa muda wa kukaa mlimani na uhuru wa kusema walichokiona, wangeiwekea serikali mezani sajili ya koo na makubaliano ambayo hakuna afisa angeweza kuifuta kwa kalamu usiku mmoja, na kwamba gharama ya kazi hiyo haifiki hata robo ya gharama ya helikopta, hospitali, mayatima na tume zilizofuata. Asemaye kwamba elimu hii haina faida inayohesabika na azihesabu kwanza hasara za kuikosa.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ninayoikubali. Husema kwamba tasnifu zetu hujaza rafu na kushika vumbi, zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho mzee aliyetoa usiku wake kuhojiwa hawezi kukisoma, na lengo lake kubwa ni kumpandisha cheo aliyeziandika. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini katika kituo cha mahindi pia mistari mingi ya mbegu hutupwa kabla ya mmoja kufaulu, na sijamsikia mtu akitaka kituo kifungwe kwa sababu hiyo. Kazi mbovu hurekebishwa kwa kugharimiwa na kukaguliwa.

Kwa sasa gharama hiyo hulipwa na nani? Chuo Kikuu cha Rutgers, katika jimbo la New Jersey, kina mradi wa lugha za Kiafrika ambao umehifadhi sarufi za lugha nyingi, Kibukusu kikiwa mojawapo, na uliogharimiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Yaani mlipa kodi wa Marekani amelipia uchunguzi wa sarufi ya Bungoma ambao mlipa kodi wa Bungoma hakuombwa kuulipia. Nawashukuru. Lakini mwezi Aprili 2025 serikali ya nchi hiyo hiyo ilifuta kwa mkupuo ruzuku nyingi za elimu za binadamu zilizokuwa zimeahidiwa raia wake wenyewe, na mwenye akili hategemei akiba ya jirani ambaye ameanza kuwapunguzia wanawe chakula.

Namfahamu mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwalimu wa shule ya kutwa, aliyetaka kurekodi misamiati ya kumuse kwa wasemaji waliobaki. Aliomba ruzuku mahali fulani. Fomu ikamtaka ataje bidhaa itakayouzwa na mapato yatakayopatikana katika miaka 3. Aliacha nafasi hiyo tupu, na hakujibiwa. Basi akawa akitenga nauli ya bodaboda katika mshahara wake, Jumamosi moja kwa mwezi, na msemaji aliyemkusudia kwanza alifariki katika mwezi wa tano wa kazi hiyo, akiwa amerekodiwa kwa muda usiozidi saa mbili. Makumbusho yetu ya Kitale, ambayo yalifunguliwa mwaka 1974, yalianza kwa wasia wa mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyekusanya ndege, wadudu na vitabu hata akafa mwaka 1966. Hatuwezi kungoja afe tajiri mwingine mwenye mapenzi ndipo tupate pa kuziweka sauti za wazee wetu.

Naitaka Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe kisheria fungu la tano la fedha zake kwa elimu za binadamu na sayansi za jamii. Mezani pa waamuzi wa fungu hilo wakae mwanahistoria, mwanaisimu na mwanasheria, wala wasiulize bidhaa. Na kila anayepewa fedha alazimike kurejesha kazi yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya waliohojiwa, nakala moja iwekwe Kitale na moja Chuo Kikuu cha Kibabii, ambako mtu wa Kapsokwony au wa Kamukuywa anaweza kuifikia kwa nauli ya asubuhi na kurudi jioni. Bajeti husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe mosi Julai. Nitaufungua ukurasa wa utafiti na kuitafuta tarakimu hiyo.