Saratani ya Kibofu: Safari ya Rufaa Kutoka Kibondo na Kasulu Haiishii Mwanza

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, anapoelezwa kuwa mwenza wake ana saratani ya kibofu cha mkojo, swali lake la kwanza huwa ni hospitali ipi impokee mgonjwa. Swali hilo ni la msingi, lakini linapaswa kutanguliwa na jingine: ugonjwa umefikia hatua gani?

Mfumo wa rufaa nchini huanzia zahanati na kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo kwa Kigoma ni Maweni, hadi ngazi ya kanda na taifa. Matibabu ya saratani, ikiwemo tiba ya mionzi, hupatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996.

Hatua ya ugonjwa hubainishwa kwa daktari kuingiza kamera ndogo ndani ya kibofu, kuchukua kinyama na kukipeleka maabara. Uvimbe ambao haujaingia kwenye misuli ya kibofu kwa kawaida huondolewa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ulioingia kwenye misuli huweza kuhitaji kuondolewa kwa kibofu chote, au mionzi pamoja na dawa. Kwa hiyo, barua ya rufaa iambatane na majibu ya vipimo vyote. Kinyume chake mgonjwa hulazimika kuvirudia ugenini, kwa gharama zake.

Jambo ambalo familia nyingi hazilitarajii ni marudio. Saratani hii hujirudia mara kwa mara, hivyo kibofu huchunguzwa tena baada ya takriban miezi 3, na ufuatiliaji huendelea kwa miaka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko kwa wanaokwenda Mwanza kupitia Nyakanazi na Geita, lakini nauli, malazi na chakula cha anayemuuguza mgonjwa vimebaki palepale. Kaya inayouza maharage yote ya msimu kugharamia safari ya kwanza huweza kukosa nauli ya safari ya pili, na hapo ndipo matibabu hukatika.

Hivyo, bajeti ya familia ihesabu safari zote. Kujiunga na bima ya afya kabla ya kuugua, sambamba na malengo ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ni kinga ya kiuchumi. Asiye na uwezo amwone mapema afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Aidha, damu kwenye mkojo, hata isiyoambatana na maumivu, isichukuliwe kuwa ni U.T.I. au kichocho pekee. Ikirejea baada ya dozi, mgonjwa aombe uchunguzi wa kibofu. Uvutaji wa sigara na kichocho cha mkojo ni visababishi vinavyotambulika vya saratani hii, na ikigundulika mapema safari ya matibabu huwa nyepesi zaidi.