MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Soma Dumu Kabla ya Kumimina



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kabichi na wadudu wake. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya gari. Najua wengine watacheka. Watasema Bwana Shamba ameacha jembe, amekuwa makenika. Sivyo. Mimi nilisomea kilimo, na chuoni katika somo la zana tulifundishwa kutunza injini ya trekta. Lakini mazao yakishavunwa lazima yafike sokoni. Siku hizi katika vijiji vingi yanafika kwa gari dogo la mtumba. Gari likifa njiani, nyanya nazo zinakufa.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Kikundi kimoja cha kina mama karibu na Soni, katika Wilaya ya Lushoto, kiliweka akiba kwa miaka mitatu. Kikanunua Probox. Gari hili ni la Toyota. Lilianza kutengenezwa mwaka 2002, na lao lilikuwa la mwaka 2005. Halili petroli nyingi, vipuri vyake vinapatikana, na nyuma lina nafasi ya matenga. Siku za soko lilishuka Mombo na nyanya. Siku nyingine lilibeba abiria. Usiku lilipeleka wagonjwa hospitali, na mama mjamzito hakutozwa nauli.

Asubuhi moja nami nilipanda gari hilo kwenda Mombo. Nilikaa mbele. Tulipoanza kushuka niliona taa nyekundu imewaka mbele ya dereva. Ilikuwa na picha ya birika linalodondosha tone. Nikamwuliza dereva kuna nini.

"Hiyo huwaka kwenye kona, Bwana Shamba. Huzimika yenyewe."

Kweli, ikazimika. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa najua maana ya taa ile, lakini nilikuwa na haraka, na dereva alikuwa kijana wa watu mwenye adabu. Mpaka leo najilaumu. Kona chache mbele injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Kisha ikasimama. Haikuwaka tena. Matenga ya nyanya yalikaa juani mpaka saa tisa mchana.

Fundi alipofungua injini alikuta oili imebaki kidogo sana, tena nzito na chafu kama lami. Beringi zilikuwa zimesagika. Dereva alieleza kwamba oili aliyoongeza aliinunua kando ya barabara, katika chupa ya maji ya kunywa. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Kikundi kililazimika kununua injini nyingine ya mtumba. Fedha za nyanya za msimu mzima ziliishia hapo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Dereva yule anajua kusoma. Mama mwenyekiti wa kikundi naye alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Lakini chupa ile haikuwa na neno hata moja la kusoma. Oili isiyo na maandishi usiinunue, hata ukipewa bure.

NAMBA ZILIZO KWENYE DUMU

Ndani ya injini vyuma vinazunguka na kupita karibu karibu sana. Oili inakaa katikati kama utando mwembamba, ili chuma kisiguse chuma. Oili pia inapoza injini na kuisafisha. Inabeba masizi na uchafu. Ndiyo sababu inakuwa nyeusi. Oili nyeusi si lazima iwe mbovu. Huenda inafanya kazi yake. Msidanganywe na fundi anayetazama rangi tu.

Shika dumu la oili ulitazame. Utaona namba kama hizi: 5W-30, au 10W-30, au 20W-50. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wa oili injini ikiwa moto. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi.

Mnaofuga nyuki mtaelewa upesi. Asali wakati wa baridi inashuka polepole. Ukiipasha moto inakimbia kama maji. Oili nayo ni hivyo hivyo. Mji wa Lushoto uko juu, karibu meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo iko chini, karibu meta 400. Barabara kati yao ni ya kilomita zipatazo 33 tu. Basi asubuhi ya mwezi Julai gari linawashwa katika baridi kali, na baada ya muda mfupi liko kwenye joto la tambarare. Linataka oili inayofaa pande zote mbili.

Madukani kuna oili yenye namba moja tu, yaani 40. Watu wanaipenda kwa sababu ni ya bei ndogo na inaonekana nzito. Kwa Probox siishauri. Asubuhi inachelewa kupanda juu ya injini, na katika dakika hizo za kwanza vyuma vinasuguana. Tena injini ile ina mnyororo wa taimingi unaokazwa kwa msukumo wa oili. Ina pia kifaa cha kurekebisha vali kinachoendeshwa kwa oili, na njia zake ni nyembamba. Oili nzito au yenye tope haipiti vizuri humo.

Kwa injini ya Probox ya petroli ambayo bado ni nzima, tumia 5W-30 au 10W-30. Kama injini imechakaa na inakula oili, unaweza kupanda kidogo, ukatumia 10W-40. Wengine wanakimbilia 20W-50. Hiyo inapunguza moshi kwa muda, lakini haiponyi injini. Nunua oili ya kawaida iliyo sahihi, kisha ibadilishe kwa wakati. Hiyo ni bora kuliko oili ya bei kubwa inayokaa ndani mwaka mzima.

HERUFI NAZO ZINASEMA

Baada ya namba tafuta herufi API. Karibu nazo utaona herufi mbili, kama SL au SN. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili hiyo ni ya injini za petroli. Ikiwa C, ni ya injini za dizeli. Madumu mengine yana zote mbili.

Herufi ya pili inafuata mpangilio wa a, be, che mliojifunza darasani, ila baadhi ya herufi zimerukwa. Kadiri herufi inavyokwenda mbele, ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. SF ilikuwa ya magari ya miaka ya 1980. SL ilianza mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Gari la mwaka 2005 lipe SL au yoyote iliyo mbele yake. Ukiona dumu zuri linang'aa, lakini limeandikwa SF, lirudishe. Tazama pia alama ya Shirika la Viwango, TBS, na uhakikishe kifuniko hakijafunguliwa.

KIASI NA WAKATI

Injini ya Probox ya sentimeta za ujazo 1,500 inachukua oili lita 3.7, pamoja na filta mpya. Ukinunua dumu la lita 4, inabaki lita 0.3. Usiimimine yote ili dumu liishe. Oili ikizidi, inapigwapigwa na krenkshafti mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Iweke hiyo iliyobaki ndani ya gari kwa kuongezea.

Kwa barabara zetu za vumbi na milima, mimi nashauri oili na filta vibadilishwe kila kilomita 5,000. Andika namba ya kilomita katika daftari. Kama leo gari linasoma 186,400, jumlisha 5,000. Utapata 191,400. Hapo ndipo utabadilisha tena. Daftari likae ndani ya gari, si nyumbani kwa mhasibu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili. Gari lisimame mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ukisome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo na kupima. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe gari, mwite fundi.

Na ile taa ya birika: ikiwaka wakati gari linatembea, egesha mahali salama na uzime injini saa hiyo hiyo. Usingoje kona imalizike. Maana yake ni kwamba msukumo wa oili umepungua, na injini inaweza kufa kwa dakika chache. Abiria naye akiiona aseme. Asifanye kama nilivyofanya mimi.

BREKI, MAJI NA GIABOKSI

Hapa kuna hatari kubwa kuliko ya injini, kwa sababu injini ikifa unatembea kwa miguu. Breki zikifa mlimani huenda usitembee tena.

Mafuta ya breki yana alama yake, DOT 3 au DOT 4. Soma kifuniko cha chombo chake kwenye gari, utumie kilichoandikwa hapo. Usitie oili ya injini humo hata tone. Mipira ya breki itavimba na breki zitaharibika. Mafuta haya pia yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka mingi yanakuwa na maji ndani. Mkishuka Mombo mmekanyaga breki muda wote, breki zinapata moto, na maji yale yanachemka na kuwa mvuke. Pedali inazama na gari halisimami. Basi yabadilisheni kila miaka miwili, na mlima mushuke kwa gia ndogo. Mafuta ya breki yakipungua, usiongeze tu na kuondoka. Ama pedi zimekwisha, ama yanavuja. Tafuta sababu.

Kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi inaganda ndani kama inavyoganda kwenye sufuria ya chai. Ukikosa kabisa, maji ya mvua ni afadhali. Usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa moto. Maji yataruka na kukuunguza uso. Kulanti iliyomwagika ifutwe mara moja. Ina ladha tamu, nayo ni sumu. Mbwa huilamba, na mtoto mdogo naye anaweza.

Giaboksi ya otomatiki ina oili yake ya pekee. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yana kijiti cha kuipimia, na mara nyingi aina ya oili imeandikwa juu ya kijiti chenyewe. Aina moja si sawa na nyingine, hata kama zote ni nyekundu. Giaboksi ya mkono inatumia oili ya 75W-90. Msidhani hiyo 90 ni nzito mara tatu ya 30 ya injini. Ni kipimo kingine, kama debe na kilo.

OILI ILIYOTUMIKA

Hili ni la kwangu hasa, kwa maana linaingia shambani na zizini. Nimeona watu wanapaka oili chafu kwenye vidonda vya ng'ombe na kwenye kupe. Nimeona inamwagwa kando ya mfereji wa kumwagilia. Acheni. Oili iliyotumika imebeba masizi na chembe za vyuma. Ngozi inaifyonza, ya ng'ombe na ya mtu pia. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta saratani. Kwa kupe tumieni dawa ya kuogeshea. Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi, na kama hakiponi mwoneni bwana mifugo.

Oili chafu iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko. Ipelekwe kwenye gereji ya mjini inayokusanya. Fundi mwenye mikono yenye oili anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Dumu tupu nalo litoboeni kwa msumari kabla ya kulitupa. Kikundi cha Soni sasa wanafanya hivyo kila mara. Dumu likiachwa zima kuna watu wanaliokota, wanalijaza oili chafu iliyochujwa, na wiki ijayo unauziwa mwenyewe.