Kicheko cha Pamoja na Afya ya Watu wa Olenguruone

Olenguruone, katika nyanda za juu za Mau, ni nchi ya majani chai, viazi na maziwa, ambako kazi huanza kungali na ukungu na baridi kali, hata mtu akaweza kushinda shambani siku nzima bila kucheka. Jambo hilo si dogo. Mtu anapocheka kwa dhati, misuli ya tumbo na ya mbavu husukuma hewa nje kwa vishindo, moyo huenda mbio kisha hutulia, na ubongo hutoa endofini, ambazo ni kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huvumilia maumivu zaidi baada ya kucheka pamoja. Naye Robert Provine, mtafiti wa Marekani, alibaini kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba vicheko vingi huzuka katika mazungumzo ya kawaida, si katika vichekesho.

Kwa hiyo anayetafuta faida hiyo asiitafute kwenye simu tu. Aende kituo cha kununulia majani chai, ambako wachumaji hutua vikapu na kuchambua majani magumu wakimsubiri karani mwenye mizani, na mmoja akimtania mwenzake kuwa leo amechuma umande badala ya chai, wote huangua kicheko, aliyetaniwa akiwa wa kwanza.

Utani wa namna hiyo hutaka watu wanaoaminiana. Machafuko ya kikabila ya 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwafukuza wengi makwao katika maeneo ya Molo na Kuresoi, na hakuna anayemtania jirani anayemwogopa. Ndiyo maana kurudisha utani kati ya Mkipsigis na Mkikuyu ni kazi ya afya kama ilivyo kazi ya amani.

Hata hivyo, si kila kicheko ni uzima. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba katika Tanzania ya leo, wasichana wa shule walishikwa na vicheko vilivyochanganyika na vilio, shule ikafungwa, na waliochunguza hawakupata sumu wala vijidudu. Wataalamu wengi wamekitaja chanzo kuwa msongo wa mawazo. Kejeli nayo humchoma anayechekwa. Wala mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kutegemea kicheko.

Inafaa kila ukoo na kila kanisa liwakumbuke waliobaki peke yao. Bibi aliyeacha kuchuma kwa sababu ya magoti asiachwe jikoni na redio. Mjukuu amshike mkono, amfikishe kituoni saa ya mizani, na bibi huyo apewe mahali pa kukaa ingawa hana majani ya kupima.