KAZI MBAYA SI MCHEZO MWEMA?

Wahenga walinena kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii tumeieleza darasani mara nyingi. Lakini kwa maoni yangu, kuna mahali inatumiwa vibaya. Kibarua akilalamika kwamba dawa inamchoma mikono, nyapara humjibu, "Kazi mbaya si mchezo mwema, bwana! Ukichoka, wenzako wamejaa langoni." Basi maskini hunyamaza.

Nazungumzia wale wanaotia dawa nguzo za umeme na za ua. Mikaratusi hukatwa, hubambuliwa maganda na kukaushwa, kisha huingizwa katika mtungi mkubwa wa chuma ambamo dawa husukumwa ndani ya mti kwa nguvu ili mchwa wasiutafune. Dawa hizi ni za aina mbili hasa. Kuna ile inayoupa mti rangi ya kijani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Halafu kuna kreosoti, ile nyeusi itokanayo na lami ya makaa ya mawe.

Aseniki ni sumu, jamani! Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Huleta saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo. Kromiamu ya dawa hiyo nayo huchimba vidonda ngozini. Kreosoti huunguza, na jua likiwaka huzidi. Mchumia juani hulia kivulini, lakini huyu nachelea kulia kwake kutakuwa kwa machozi.

Mjomba wangu alifanya kibarua hiki. Alipewa glavu za kitambaa, zikalowa siku ile ile. Jioni alikuja na vipande vya nguzo, vikawa kuni za kupikia. Hakuna aliyemwambia kwamba mti huo ukichomwa, aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu.

Wengine watasema eti mwajiri akibanwa atafunga kazi na vijana wakose unga. Hoja hii haina mashiko. Glavu za mpira, aproni, miwani na gambuti haziwezi kumfilisi mtu anayeuza nguzo kwa malori.

Isitoshe, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kutoa mavazi ya kujikinga kwa anayeshika vitu vya kudhuru, na inamlazimu mfanyakazi kuyavaa. Inahusu kila mahali pa kazi, awe mtu ni wa kudumu au wa muda. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama. Tena mwajiri haruhusiwi kumfuta mtu kwa kulalamikia hatari. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Fidia, na aliyelemaa kabisa kwa sababu ya kazi anastahili mshahara wa miezi 96. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira bora ya kazi.

Sasa, tatizo liko wapi? Sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kibarua atazijuaje? Na asilolijua atalidai vipi? Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini haki zake bado zimefungiwa kabatini.

Hapa ndipo chama chetu kinapoingia. Tunashindana kwa mashairi na mijadala kila muhula, na ni vyema. Lakini napendekeza mwaka huu tuandike ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili chepesi: vaa glavu za mpira, nawa kabla ya kula, usichome vipande, dai kamati, ripoti kwa afisa wa usalama kazini. Mwalimu mlezi aukague, kisha tuubandike sokoni na kwenye vituo vya matatu. Lugha tunayoienzi na imfae anayebeba nguzo.